Sindano ya Mgongo ya Bi Futi

Fundi cherehani mmoja aliitwa Bi Futi kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni. Mimba yake ya kwanza ilikuja na mapacha pamoja na presha ya juu, na ghafla ukoo mzima ukawa wa madaktari bingwa.

"Usikubali wakuchome mgongoni, utapooza," mama mkwe alimwonya wodini uchungu ulipokolea. "Mimi nimezaa sita bila ganzi."

"Hukuumia, mama?"

"Nililia mpaka sauti ikakauka. Ndiyo uzazi wenyewe huo."

Mumewe naye alimsihi avumilie. Shujaa huyu aliwahi kung'olewa jino kwa sindano tatu za ganzi, kisha akalala siku mbili akilishwa kwa kijiko.

Daktari wa ganzi aliingia na majibu ya vipimo. "Damu yako inaganda vizuri, kwa hiyo naweza kukuchoma. Uchungu unakupandishia presha, na ikizidi ni hatari. Halafu ukihitaji upasuaji, mrija wa dawa utakuwa tayari mgongoni. Unasemaje?"

"Sisi kama familia..." mume alianza.

"Namuuliza mwenye mgongo."

Bi Futi alitia sahihi kwenye fomu ya ridhaa katikati ya uchungu, sahihi imepinda kama mshono wa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akajikunja na kukumbatia mto. Alihisi kuchomwa kidogo, kisha kama mtu anamkandamiza kwa kidole gumba. Baada ya dakika ishirini miguu ilikuwa mizito kama magunia, presha imeanza kushuka, na uchungu umebaki kama ugomvi wa majirani: anausikia, lakini haumhusu.

Binti alitangulia. Wa pili alikuwa amekingama tumboni, ikabidi daktari wa uzazi aingize mkono amgeuze. Bi Futi alihisi kuvutwavutwa tu, kama mtu anapekua droo.

"Mmempata?" aliuliza kwa upole.

Walimpata, wa kiume, mwenye hasira.

Jioni mama mkwe alifika kushuhudia kupooza alikokutabiri. Bi Futi alitoa miguu nje ya shuka, akachezesha vidole, kimoja baada ya kingine. Bibi yule aliviangalia. Kisha akatoka, akamkimbilia daktari wa ganzi kwenye korido.

"Mwanangu," alinong'ona, "hiyo sindano, kwa magoti yangu haya haiwezekani?"