Giaboksi ya Baba Mdogo

Wako watu waliojaliwa kusamehe. Mimi sikujaliwa, na ninapolisimulia gari la marehemu baba naomba nisihubiriwe.

Siku tunamzika baba, mdogo wake alikuja na pikapu lake jipya. Jipya kwa Sumbawanga, maana Wajapani walishalichoka. Ndiyo kwanza milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye visenti analeta gari kutoka nje, na baba mdogo, aliyekuwa akisafirisha dagaa kutoka Kirando, chini ziwani, alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kujipatia lake. Jeneza likapakiwa nyuma. Mama akafungua mlango wa mbele, maana mjane ni yeye, akashika kichwa cha gia ajivute kuingia. Kilikuwa cha kioo, ukubwa wa limau, ndani yake ua jekundu, na baba mdogo alikuwa akikifuta kwa leso kila aliposimama.

"Usiguse hapo, shemeji," akasema. "Utakichafua. Halafu kaa nyuma, huku mbele nimeweka kreti za soda."

Mama akapanda nyuma, akakaa na jeneza kwenye harufu ya dagaa, na ule upepo wetu wa mwezi wa saba unamkata masikio hadi makaburini. Mimi nilifuata kwa miguu nikila vumbi lake. Nikasema moyoni, wewe, ngoja. Utanikoma.

Siku ya kumaliza matanga ndipo alipotoa ya moyoni. Nyumba ya baba ilikuwa kando ya barabara, mahali pazuri, naye alitaka kiwanja hicho ajenge gesti. Eti ni mali ya ukoo. Eti mama arudi kwao Mpui akalime, na mimi nijue pa kwenda. Shangazi, dada yao mkubwa, akamuuliza kama haoni aibu kumtoa mjane wakati hata gari la mumewe lingali uani.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la zamani, gia yake ipo kwenye usukani. Giaboksi ilikuwa imekufa kabla baba hajaanza kuugua, na kuku walikuwa wanatagia kiti cha nyuma. Baba mdogo alicheka hadi pombe ya ulezi ikamwagika kikombeni.

"Dada, siku kopo lile likienda Kirando na kurudi bila kuvutwa, kiwanja wachukue, sitadai tena. Mvua zikianza halijaenda, wahame."

Watu wakacheka naye. Shangazi hakucheka. "Tumesikia sote," akasema. "Na umelisema matangani." Kwetu mtu halimezi tena neno alilolitoa matangani, hilo baba mdogo alilijua vizuri. Ila alikuwa ameliangalia lile gari, akawaangalia wanawake wawili waliobaki nalo, akaona hapa hakuna kitu. Thubutu!

Ulezi ulikuwa bado unapurwa tulipoletewa habari kwamba pikapu limepinduka. Alikuwa amejaza dagaa kupita kiasi, na kwenye ile kona kali ya kupanda kutoka Kirando mzigo ukamshinda. Nikauliza kwanza kama kuna aliyeumia. Nikaambiwa hakuna, yeye mwenyewe kachubuka kiwiko tu. Basi nikacheka mpaka mama akaenda kufunga dirisha.

Mabaki aliyauza hapa mjini kwa mtu wa kuchinja magari ya ajali. Nikaenda kuyaona. Bodi ilikuwa imepondeka yote, lakini nilipolala chini kuchungulia, giaboksi ilikuwa nzima, haina hata ufa, gia tano. Na juu, kwenye mkono wa gia, ua jekundu linaniangalia. Mama alitoa maharage yake tuliyokuwa tunayategemea, nikapewa giaboksi pamoja na klachi yake. Kichwa cha gia nilikifungua mwenyewe nikakitia mfukoni mwa sweta.

Niseme pia kwamba kazi yangu ilikuwa cherehani. Lakini baba alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, hakupata mtoto wa kiume, na spana nilizijua kabla sijajua kushona kifungo. Nilijua vilevile kwamba giaboksi ya Kijapani haikuumbwa ikae kwenye injini ya Kiingereza. Matundu ya bolti hayalingani. Nikachukua katoni ya sabuni, nikaibandika kwenye injini, nikachora matundu yake, nikafanya hivyo kwa giaboksi, kisha nikaziunganisha ramani mbili kuwa moja kama ninavyokata gauni la mtu mwenye mabega yasiyo sawa. Mchomeleaji akanikatia bamba la chuma nene kwa kufuata katoni ile, likae katikati ya hao wawili wasiopatana. Propela, ile shafti ndefu ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, akaikata akaifupisha. Sakafu ya gari niliitoboa mwenyewe kwa tindo, mkono wa gia utokee chini pembeni ya kiti, na kila nikigonga nilimfikiria mtu fulani. Tindo halikunichosha.

Kilichonishinda ni kuinua. Gari lilikuwa juu ya magogo ya mkaratusi, giaboksi chini, nzito, na jeki niliyoazima haifiki. Nilikwenda kuomba vijana wa jirani. Wakaniambia, "Dada, hiyo kazi ya gereji, utavunjika kiuno," wakaendelea na bao lao. Nikarudi uani nikakaa chini nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, watu wasichanganye.

Mama akatoka jikoni na jembe.

"Unataka hicho chuma kipande hadi wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akainama uvunguni akaanza kulima. Jamani, mama yangu alijenga tuta chini ya gari! Tuta la Kifipa kabisa, majani chini, udongo juu, anashindilia kwa ngumi maana kusimama hakuna nafasi, anaongeza tena. Giaboksi tukaiburuta juu ya gunia ikapanda kwenye lile tuta. Ikazidi kidogo. Akalala ubavu na panga, akaparua udongo kiganja kwa kiganja, mimi nikiwa nimeweka jicho kwenye tundu. "Shusha. Shusha tena. Huku kwangu ongeza." Mpaka shafti ikaingia katikati ya klachi yenyewe, taratibu, kama kisu kwenye ala yake.

Tangu siku ya mazishi mama hakuwa amesema lolote kuhusu kule kukaa nyuma. Pale chini, na udongo kwenye nywele, ndipo aliposema. "Ukifika bolti ya mwisho unipe spana. Hiyo nitaikaza mimi." Akaikaza hadi nikamwambia basi, mama, utaikata.

Mawingu yalipoanza kujikusanya tukamwita shangazi awe shahidi, na baba mdogo naye akaja, kwa miguu. Alifungua mlango wa mbele bila kuuliza. Mama alikuwa ameshakaa.

"Kaa nyuma, shemeji," akamwambia.

Akakaa nyuma na shangazi, kwenye manyoya ya kuku. Alishangaa kuona usukani hauna gia, lakini mkono mpya nilikuwa nimeuzungushia kitambaa, hakuambulia kitu. Tukashuka. Njia nzima anatukebehi, "Kushuka hata jiwe linashuka." Kirando mama akanunua gunia la dagaa, na kwa kuwa buti ilikuwa na spana zangu, gunia likakaa kwenye magoti ya baba mdogo. Nao walipokuwa wanahangaika kulipakia, nikafungua kile kitambaa, nikatoa kitu mfukoni mwa sweta nikakikaza.

Tukaanza kupanda. Kwenye ile kona aliyopinduka vipande vya kioo vilikuwa bado vinang'aa pembeni. Nikatoa gia ya tatu nikaingiza ya pili, na giaboksi ikatoa mluzi wake mwembamba wa kupanda mlima, uleule wa pikapu lake. Kebehi ikakatika hapohapo. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma nikamwona anainua shingo juu ya gunia, macho yanafuata mkono wangu, yanalifikia ua jekundu. Aseme nini? Kwamba kopo limepanda kwa giaboksi aliyoiuza mwenyewe? Roho yangu ilisuuzika, nasema kweli, na nilibadilisha gia hata pasipohitajika ili aendelee kuisikia.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Nikaingiza gari uani, nikalizima.

"Limekwenda na limerudi," shangazi akasema. "Kiwanja ni cha mjane. Una neno?"

Baba mdogo alibaki amekaa na lile gunia magotini, kisha mkono wake ukapita polepole katikati ya viti, ukielekea kwenye kile kichwa cha gia. Mama hakugeuka. Alimshika kiwiko, kilekile kilichochubuka, akaurudisha mkono juu ya gunia.

"Usiguse hapo, shemeji," akasema. "Utakichafua."