Baiskeli Isiyo na Keria

Hapa Chilangala wananiita Mama Twahiru, na wanaosema nina mdomo hawanisingizii. Leo namsema jirani yangu Isabela, Mama Gift, mwalimu wa shule ya msingi iliyoko kule kwenye lami. Namsema kwa sababu ya baiskeli aliyoichagua, ambayo tuligombana juu yake tangu dukani.

Gift akiwa bweni, Isabela alikuwa akiishi na mama yake, Bibi Cecilia, mjane wa marehemu katekista Zabroni. Bibi alidondoka kwenye bodaboda akitoka kanisani, nyonga ikavunjika. Hospitali walipomruhusu, akarudi kulala tu. Na mtu akilala upande mmoja kutwa, ngozi inaoza. Asubuhi nilikuwa namgeuza mimi kabla ya kwenda shamba, jioni Isabela yupo. Mchana ndio ulikuwa hauna mwenyewe, na donda likaanza mgongoni. Mwalimu mkuu, Mungu ambariki, akamruhusu Isabela atoke wakati wa mapumziko. Lakini kwa miguu, mchanga wetu huu unamaliza muda wote. Anafika, hata maji ya kumpa mama hajamimina, saa ya kurudi imefika. Pikipiki hakutaka hata kuisikia. Ndipo akasema atanunua baiskeli.

Siku tuliyotoka kwenda Masasi, Bibi alituita chumbani.

"Ukinunua, mwanangu, nunua ya kunipakia," alisema. "Mwaka jana sikukuu ya Marehemu Wote imenipita nimelala. Mwaka huu nataka nikamfagilie baba yako kaburi, kwa mkono wangu. Pikipiki sipandi tena. Na machela sitaki, nitabebwa nikishakufa."

"Ndiyo, mama," alijibu Isabela.

Nilimsikia kwa masikio yangu. Kaburi la mzee Zabroni liko katikati ya mikorosho yao, njia ya kuelekea Kitangari, na gari kule halifiki. Wakristo wa kwetu sikukuu ile hawaichezei. Kila nyumba inakwenda kufagia makaburi yake, inawasha mishumaa, na kaburi la mume linafagiwa na mke maadamu yu hai. Kabla ya kuanguka, Bibi Cecilia alikuwa hajawahi kumwachia mtu fagio lile.

Masasi tulikwenda kwa Mohamedi, auzaye baiskeli za mtumba karibu na soko. Alimtolea Isabela madude matatu. La kwanza Phoenix, chuma kitupu, keria pana unayoweza kupakia madumu ya maji na mtu juu yake. Mimi nikasema hiyo hiyo, twende zetu. Isabela akaizungusha uani akarudi anahema. La pili lilikuwa la matairi manene na springi mbele. Kwenye mchanga linapita, lakini kwenye lami, alisema, linamrudisha nyuma. La tatu ndilo lililoniharibia siku. Usukani umejikunja kwa chini kama pembe za beberu, chombo chenyewe chepesi, unakiinua kwa mkono mmoja.

"Hii, mwalimu, ni ya kati," Mohamedi alieleza. "Tairi si jembamba kama la mashindano ya lami, si nene kama la milimani, na lina meno. Hapa kwenye uma unaoshika gurudumu kuna nafasi, tope halikwami. Wenyewe kule Ulaya wanakimbizana nayo matopeni, wakikuta kizuizi wanaibeba begani. Ona hili bomba la juu, limebanwa bapa kwa ajili ya bega."

"Lahaula! Baiskeli ndiyo ibebwe?" nikasema. "Na keria iko wapi?"

"Haina, mama. Wala matundu ya skrubu za keria haina. Nakwambia mapema usije ukanilaumu."

Nikamgeukia Isabela. "Umesikia? Mama yako utampakia wapi, kichwani?"

Isabela alikuwa ameinama anaangalia matairi, kisha akainuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mama Twahiru, donda lile jana nimeliona jeupe ndani. Likifika mfupani, hiyo Marehemu Wote mama haioni. Nataka kitakachonifikisha mchana. Mengine nitajua mbele."

Nilinuna mpaka tunafika nyumbani. Bibi aliposikia magurudumu uani, akaomba dirisha lifunguliwe. Akaitazama ile baiskeli, kisha akasema, "Nzuri. Ina rangi nzuri." Akageuza uso ukutani. Mwenzenu nilitoka nikalie nyuma ya jiko.

Kijiji kizima kikaibandika jina: Baiskeli ya Mchoyo, kwa kuwa inambeba mwenyewe tu. Hapa kwetu juu, ambako maji unayafuata mbali, mtu mwenye baiskeli anasimamishwa njiani na kila mwenye ndoo, na hiyo ndiyo heshima yake. Isabela alipita anasalimia, "Shikamooni," wanaitikia marahaba na maneno nyuma yake. Mchana nikiwa nimewahi kurudi, namwona anatoka kwenye lami anakata kona kuingia njia ya mikorosho bila kushuka. Penye mchanga mwingi sana analibeba dude lake begani, anakimbia nalo, anapanda tena. Shati limelowa. Anaingia ndani, anamgeuza mama, anamwosha donda, anamlisha uji, anamwambia habari za shule, huyo anaondoka. Hakukosa. Jua kali, yumo. Mvua, yumo, matope mpaka usoni.

Na donda likafunga. Hilo siwezi kumnyima.

Ila Bibi alikuwa anaisha. Kila nikimgeuza namwona mwepesi kuliko jana, mpaka nikawa namgeuza kwa mkono mmoja. Sikukuu ilipokaribia, Isabela aliipeleka baiskeli kwa fundi Silvano anayechomelea mageti, amwekee keria. Silvano aliigonga kwa ukucha, akakataa. "Hii si chuma, mwalimu. Nikiiwekea moto itayeyuka, utakosa vyote." Akajaribu kuifungia kwa waya, keria ikalala upande siku hiyo hiyo.

Jioni yake nilimkuta Isabela amekaa mlangoni, mikono kichwani.

"Sema tu, Mama Twahiru," akaniambia. "Uliniambia tukiwa dukani."

Nilikuwa na maneno, tena mengi. Lakini Bibi alitujibu kutoka ndani, kumbe alikuwa macho. "Isabela. Wewe ulipokuwa mdogo baba yako alikuwa anakupakia wapi?"

Isabela akaduwaa. "Kwenye bomba, mama. Mbele yake."

"Sasa mimi nina uzito gani wa kukushinda?"

Asubuhi ya sikukuu, baada ya misa, tulimtoa. Isabela alizungushia kanga tatu kwenye lile bomba bapa, akafunga kwa kamba ya katani. Akapunguza upepo kwenye matairi mpaka yakatanuka, ili yasizame mchangani. Tulimkalisha Bibi upande, miguu pamoja, kichwa chake kikaegemea kifua cha mwanawe, mikono ya Isabela imemzunguka huku na huku imeshika usukani. Mimi nikawa nyuma namshikilia mgongo. Hatukupanda, tulisukuma. Bibi alikuwa anaumia, naliona hilo kwenye midomo yake, na kila Isabela akiuliza, "Mama, turudi?" anajibu, "Sukuma."

Watu walikuwa njiani na mafagio yao na mishumaa. Wale wale wa Baiskeli ya Mchoyo. Walisogea pembeni wakatupisha, na mzee Abrahamu, mwenye kisima na maneno kuliko wote, akavua kofia.

Kaburini tulitaka kumshusha tumkalishe kwenye mkeka, akakataa, akasema akishuka hatapanda tena. Basi tukaisogeza baiskeli mpaka ubavuni mwa kaburi, Isabela akaibana kwa miguu yake isicheze. Nikampa Bibi fagio. Akalishika kwa mkono mmoja, mwingine umemshika mwanawe shingoni, akafagia majani makavu ya mkorosho. Alifagia taratibu, kulingana na urefu wa mkono wake. Akimaliza hapo, anasema, "Mbele kidogo," tunasogeza. Tulimzunguka mzee Zabroni hivyo, upande hadi upande. Isabela alikuwa analia, machozi yanamdondokea mama yake kwenye kilemba, na Bibi anafagia tu.

Tulipofika upande wa kushoto, Isabela akataka kuisogeza baiskeli zaidi, maana majani pale yalikuwa mengi.

"Hapo pawache," Bibi akasema. "Hapo pangu. Utapafagia wewe."

Isabela akamkumbatia na usukani pamoja. Mimi nilitazama pembeni, nikawasha mishumaa isiyokuwa yangu.

Tulimzika pale pale, kushoto, kabla korosho za mwisho hazijaokotwa. Alifariki mchana, Isabela akiwa amefika, uji uko mkononi.

Mwaka umezunguka. Mpaka leo nasema, baiskeli bila keria si baiskeli, na Isabela nikimwambia anacheka. Anaipanda kwenda shule, na mchana hana tena haja ya kuja, lakini siku nyingine namwona huyo, anakata kona anaingia njia ya mikorosho, anafika, anakaa kwangu kidogo, anarudi.

Sikukuu ilipofika nilimwona anatoka uani na fagio, na baiskeli. Zile kanga bado zimefungwa kwenye bomba, zimepauka kwa jua. Njia ilikuwa nzuri, mvua ilikuwa imeshindilia mchanga, mtu angepanda bila shida mpaka kule. Yeye anasukuma, mikono yote miwili kwenye usukani, ameitanua kama vile kuna mtu katikati. Nilitaka kumuuliza, wee Mama Gift, unamsukumia nani? Nikaumeza ulimi. Nikajifunga kanga yangu vizuri, nikaenda kushika nyuma, pale pale nilipokuwa nashika mgongo wa Bibi.