Uzi Niliouhesabu

Nilipokuwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili, huko Gesima, kwenye milima ambayo leo imefunikwa na chai lakini siku zile ilikuwa ya wimbi, nafaka ya uji wetu, niliamua kujifunza kupiga obokano. Nitaueleza, maana wageni wengine huuita gitaa, na si gitaa. Ni chombo kikubwa cha muziki cha Abagusii: bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili ya mti, na nyuzi nane za kano za ng'ombe. Sauti yake ni nzito. Huingia kifuani kabla ya masikioni.

Obokano niliojifunzia ulikuwa wa babu yangu, Onsongo. Shangazi zangu wote walipoondoka nyumbani kwenda kuolewa, yeye ndiye aliyewapigia. Sasa ilikuwa zamu ya dada yangu Moraa, mavuno yakiisha, na vidole vya babu vilikuwa vimekakamaa.

"Basi nitaondoka kimya, kama mtu anayekwenda kisimani," Moraa alisema.

Maneno hayo yalinichoma. "Nitakupigia mimi."

Alicheka hadi akashika ukuta. "Wewe? Hata mluzi hujui!"

Babu alikubali kunifundisha, lakini kwa njia yake. Siku za kwanza sikugusa uzi. Aliweka vidole vyangu juu ya vyake, akapiga polepole, navyo vikapanda kama watoto waliobebwa mgongoni. Kila uzi aliupa jina kwa Kigusii. Kwa Kiswahili, mzito kabisa ungekuwa Mzee, unaofuata Jirani, na mwembamba kuliko yote Kitindamimba.

Siku moja nilianza kuzihesabu nyuzi kwa sauti, nikijivunia shule yangu. Bibi yangu, Kwamboka, alikuwa akipepeta wimbi. Akaweka ungo chini.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo bibi zetu walivyotutania sisi wajukuu, "ng'ombe hawahesabiwi. Watoto wa watu hawahesabiwi. Nyuzi vilevile. Uzi uliohesabiwa hukatika."

Niliitikia kwa heshima, na sikuamini. Shuleni mwalimu alikuwa ametufundisha kuimba kwa namba ubaoni, moja hadi nane, kutoka sauti ya chini hadi ya juu. Usiku mmoja nikiwa kitandani ndipo nikagundua: sauti nane, nyuzi nane! Moyo ulinidunda. Ningeiruka miezi yote ya mafunzo ya babu kwa asubuhi moja.

Wazee walipokwenda shambani, nikachukua mkaa, nikaandika namba juu ya mti unaoshika nyuzi, nikaanza kukaza. Mzee akatoa sauti ya kwanza ya zile za ubaoni. Jirani akatoa ya pili. Nilikuwa nikicheka peke yangu. Nilipofika Kitindamimba, sauti ilipanda, ikapanda tena, ikabaki kidogo tu ifike. Nikaongeza kidogo tu. Uzi ukakatika, ukanichapa shavuni.

Bibi aliporudi aliziona namba kwanza. "Umehesabu," alisema, akaenda kuwasha moto.

Babu hakunichapa. Alisema uzi mpya ni kazi yangu. Arusi ilikuwa imebaki majuma mawili. Nilingoja jirani achinje ng'ombe, nikaomba kano, nikazikwangua, nikazianika kivulini na si juani, nikazisokota pajani hadi ngozi ikawaka. Uzi wa kwanza ukakatika. Wa pili ulikuwa mnene mno. Wa tatu babu aliuuma kwa meno, akautazama, akaufunga. Kisha tukazirudisha zile nyingine nilizozivuruga kwenye sauti zake. "Jirani amekasirika," alisema. "Mlegeze. Bado. Sikiliza kwanza, ndipo uguse."

Siku ya arusi nilijua wimbo mmoja tu. Moraa alitoka aking'aa mafuta, nami nikapiga. Nilikosea mara mbili. Babu akaendelea kupiga mguu chini hadi nikaupata wimbo tena. Akina mama wakapiga vigelegele. Moraa akageuka, akakanyaga ardhi, akacheza uani kama mtu asiyekwenda popote.

"Mwambieni huyo mtoto anyamaze, tutafika usiku!" mmoja wa wakwe akapaza sauti.

"Bado!" Moraa akajibu. "Rudia, ndugu yangu!"

Nikarudia wimbo uleule mara saba au nane, ncha za vidole zikiwa zimechubuka, na sijawahi kuwa na furaha kama ile tena.

Baadaye nilisoma vya kutosha kueleza kwa nini uzi uliokazwa kupita kiasi hukatika. Maelezo hayo ni ya kweli. Lakini bibi hakukosea. Namba zilikuwa zimeniambia Kitindamimba afike wapi, nami nikazisikiliza hizo. Kitindamimba mwenyewe alikuwa ameanza kulia mapema, kwa sauti ambayo babu angeijua akiwa amefumba macho. Sikio la namna hiyo lilinichukua miaka mingi, na sidhani kama kuna siku niliyolipata. Ila kuna siku, nikikaza uzi, nilipogundua kwamba vidole vimeshasimama vyenyewe, vikisubiri sikio.