Resho Yangu ya Wati Arobaini na Nne

Siku ile tulikuwa hawa: mimi Cibalonza, ambaye aibu yote ni yangu, mdogo wangu Nabintu, ambaye wageni walikuja kumwomba awe mke wa kijana wao, mdogo wetu Deo, mwanafunzi wa shule ya ufundi, tonton Rugamba, aliyesimama mahali pa baba na mama kwa kuwa wote wawili walikwisha kufariki, Papa Kahasha na mke wake, wazazi wa kijana, kutoka Lwiro, na nyuma ya ukuta, jirani yetu Bwana Salumu na Bi Zuhura wake, ambao hakuna aliyewaalika. Nawataja wote ili mjue nikipita barabarani nafunika uso mbele ya watu wangapi.

Kwetu wageni wa namna ile wakiondoka bila kula, hilo ndilo jibu: mmewakatalia. Nabintu alimpenda kijana yule, nami nilimlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu, kuivisha kuku.

Sasa sikilizeni ujinga. Babula yangu, jiko letu la makaa, ilikuwa nzima na kikapu kimejaa makala, lakini ndani kulikuwa na resho, jiko dogo la umeme, ambayo madame mmoja alinilipa nilipomshonea mapazia, nikafikiri watu wa Lwiro wamezoea mambo ya wazungu, wasije wakatuona basenji, watu wa porini, basi babula nikaifukuza uani pamoja na makala yake, na mvua (mvua ya Bukavu haikuulizi) ikayanyeshea yote nikiwa nachana nywele za Nabintu.

Umeme tulivuta kwa Bwana Salumu, waya mmoja juu ya ukuta, kwa sharti la taa moja. Mimi si mwizi, nikasema nipige hesabu kwanza. Shule niliiacha mwaka wa nne mama alipofariki, lakini jioni nilikuwa nashona huku Deo akisoma masomo yake kwa sauti, na nilikumbuka kwamba ukiwa na volti na ampere, kuna kitu unakipata kwa kugawanya na kitu unakipata kwa kuzidisha. Deo mwenyewe nilikuwa nimemtuma kupokea wageni. Chini ya resho paliandikwa volti 220, ampere 5. Kugawanya ndiyo kazi yangu ya kila siku katika nyumba hii, kwa hiyo nikagawanya, nikapata arobaini na nne. Taa yetu ni wati sitini! Yaani resho nzima inakula kidogo kuliko taa. Nikazima taa kwa heshima ya jirani, nikachomeka.

Wageni walipoketi, resho iliwaka nyekundu, nzuri, kisha ikafa. Nyuma ya ukuta redio ya Bwana Salumu ikanyamaza, nikamsikia akiwalaumu watu wa umeme. Nikamwonea huruma, mjue! Baadaye redio ikaimba, resho ikawaka, nikashukuru Mungu, vyote vikafa tena. Tonton alikuwa amekwisha kusimulia safari yake ya kununua ng'ombe Kamanyola, akaianza upya.

Mara ya tatu Bwana Salumu aliingia mwenyewe, koleo mkononi, kanzu imenyooshwa upande mmoja tu.

"Mama, samahani kwa wageni. Kwako kunawaka nini? Fyuzi yangu ni ya ampere sita, na mke wangu yuko kwenye pasi."

"Resho ndogo tu, bwana," nikasema. "Iko wati makumi ine na ine."

Deo akainua sufuria, akasoma, akaanza kucheka, mbele ya wakwe.

"Yaya, uligawanya? Ile makumi ine na ine ni rezistansi, ni vile waya inakatalia umeme kupita. Wati unazidisha. Mia mbili na makumi mbili mara tano, iko elfu moja na mia moja."

"Ni taa ngapi hizo?" Papa Kahasha akauliza.

"Kumi na munane, papa."

"Taa kumi na munane chini ya sufuria moja," akasema polepole, "na kuku iko mubichi."

Mke wake alicheka mpaka akafuta machozi. Nabintu hakucheka. Nilimkasirikia Deo, madame, mvua, hata kuku. Resho ikachomolewa, tonton akapuliza makala yaliyolowa mpaka nyumba ikajaa moshi, na Papa Kahasha, ambaye lori la kurudi Lwiro halikuwa lake wala halingemngoja, akachukua kofia yake. Nabintu akainamisha kichwa.

Bi Zuhura, aliyeiacha pasi akamfuata mumewe, alikuwa mlangoni wakati wote huo. Akaondoka, akarudi na sufuria ya pilau aliyowapikia mashemeji zake wa kutoka Uvira, akaiweka kati yetu. "Kuleni," akasema. "Waya ni mmoja, nyumba ni moja."

Papa Kahasha akaweka kofia chini.

Leo Nabintu yuko Lwiro kwa mume wake. Resho naegeshea pasi ya makala, na sitaichomeka tena mahali popote, hata Deo akipiga hesabu hiyo mbele ya padri. Lakini sufuria bado iko kwangu. Kwetu sufuria ya mtu hairudi tupu, na kila pilau ninayoijaribu inashika chini, nami siwezi kumrudishia mwanamke yule kitu kilicho chini ya alichotupatia. Kila asubuhi kwenye bomba la maji ananingoja, ndoo kichwani, mbele ya wanawake wote.

"Mama Resho," ananiambia, "sufuria yangu haijaiva tu?"