Nguzo Aliyoiomba Bibi Apolinaria

Mtu asije kuniambia taa za barabarani zimeleta heri tupu hapa Cheyo. Mimi ni jirani wa Bibi Apolinaria, ukuta kwa ukuta, na nimeona.

Mumewe Anton tulimzika mwaka juzi. Mwanawe Sixbert yuko Mwanza, anapiga simu akikumbuka. Mwaka mzima bibi wa watu anaongea na kuku. Ila mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wakatoka kwenye kichuguu cha uani kwake, loo, mtaa mzima ulikuwa unahamia pale! Anatundika karabai juu ya beseni la maji, kumbikumbi wanaangukia humo, sisi tumekaa mikekani tunapeta mabawa, tunakaanga, tunataniana hadi mbavu zinauma. Jioni hiyo moja ilimtosha hadi mwaka mwingine.

Sasa akajiambia kwamba siku nyingine watu hawampitii kwa sababu ya giza. Akamfuata mwenyekiti wa mtaa, Mzee Uwesu, mara tatu.

"Nguzo moja tu ya taa muiweke karibu na mlango wangu," akaomba. "Kukiwa na mwanga watu watakuja."

Ikawekwa ng'ambo ya barabara. Alifurahi huyo! Akawa anafagia uwanja asubuhi na jioni, akisubiri wageni. Nani aliyekwenda? Hakuna.

Novemba mvua ikanyesha. Magharibi nikachungulia, nikaona ametandika mikeka minne, karabai inawaka, chumvi iko kwenye kisosi. Kumbikumbi wakatoka kwenye kichuguu chake, wakapanda, wakavuka ukuta, moja kwa moja hadi kwenye taa kubwa ya barabarani. Na sisi tukakimbilia huko huko na ndoo zetu. Hovyo kabisa sisi. Kila mtu anajiokotea chake, hakuna kukaa, hakuna utani, kila mmoja kainama.

Bibi akatoka mlangoni.

"Levina mwanangu," akaniita, "waambie wenzako waje wakae huku. Mikeka ipo."

Wala hakugomba. Angegomba ningepata nafuu.

Nilimsikia vizuri, na kwa mwanga ule niliuona hadi uso wake. Ndoo yangu ilikuwa nusu. Nikamjibu, "Nakuja, bibi," nikaendelea kuokota mpaka wakaisha, kisha nikaenda kwangu kukaanga.