Gari Haliondoki

Hakuna abiria aliyempenda siku ya kwanza. Ungefungua mlango wa teksi yake, ukajitupa ndani na mizigo yako na haraka zako, ukataja unakokwenda, na gari lingebaki palepale. Mzee angetulia tu, mikono juu ya magoti, anatazama mbele. Ukiuliza kulikoni, jibu lake lilikuwa moja: "Gari haliondoki." Haliondoki mpaka kila mtu afunge mkanda, na wa nyuma pia, maana wa nyuma ndio wabishi hasa. Pale kituoni kwao, nje ya geti la hospitali, walimwita Mzee Mkanda, na jina hilo likamganda.

Wenzake walimtania mpaka wakachoka. "Mzee, hivi unampeleka mtu sokoni au mwezini?" Abiria nao walisonya, wengine wakashuka na kupanda teksi ya nyuma. Aliwahi kumshusha bwana mkubwa mmoja mwenye suti na walinzi, na aliwahi kumshusha mama mkwe wake mwenyewe, jambo lililomkosesha chai ya amani kwa muda mrefu. Lakini waliomkera kupita wote ni wale wa kumwambia, "Ah, mzee, ajali haina kinga." Hapo angegeuza shingo nzima. "Haina kinga? Sasa mlango wa nyumba yako unaufunga wa nini usiku? Uache wazi basi, si mwizi naye akija amekuja!" Mtu angefunga mkanda ili tu mzee anyamaze.

Gari lenyewe lilikuwa Volvo la zamani, la pembe nne kama kabati lililolazwa chini. Alilinunua kwa mhandisi mmoja wa barabara aliyekuwa anahama, na mhandisi yule alimpa gari pamoja na hadithi yake. Kwamba waliolianzisha kule kwao kwenye baridi na barabara mbovu walikuwa watu wawili tu, na tangu mwanzo walishikilia kwamba gari hubeba roho za watu ndani yake, kwa hiyo kwanza ni usalama, mengine yatafuata. Kwamba baadaye walimwajiri fundi ambaye kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kutengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege inayoanguka. Hebu fikiria! Mtu wa kuwatupa watu nje akaambiwa sasa tafuta namna ya kuwashikilia ndani. Naye akaja na mkanda huu tunaoujua, unaopita begani na kiunoni, na akahakikisha mtu anaweza kuufunga kwa mkono mmoja, maana aliwajua binadamu kwa uvivu wao. Kisha kampuni, badala ya kuukalia, ikawaachia watengenezaji wengine wote wautumie.

Hadithi hii Mzee Mkanda aliisimulia kila siku ya Mungu, kati ya mzunguko wa barabara na taa za kwanza. Pale kwenye "mkono mmoja" ndipo alipoinua wake na kuonyesha mkanda unavyochomekwa, kachaa, bila kutazama. Abiria wengi waliitikia "ehee" huku wakichezea simu. Usione vyaelea, angewaambia, vimeundwa.

Na wala haikuwa maneno matupu. Binti yake alipokuwa mjamzito, tumbo limeshatangulia mbele, baba alimpeleka kliniki, na kabla ya kuondoka wakagombana kweli kweli. Binti alisema mkanda unambana. Baba akashuka, akazunguka, akampitishia mwenyewe chini ya tumbo, na binti akalia kwa hasira. Hawakufika mbali. Kwenye makutano lori lililokatika breki likawavaa kwa mbele. Boneti ilijikunja hadi karibu na kioo, lakini pale walipokaa wao palibaki pazima. Mzee alitoka na alama ya mkanda kifuani, nyeusi, ya kukata bega hadi ubavuni, na binti akatoka anatetemeka, tumbo lake salama. Gari likakaa kwa fundi wa bodi msimu mzima mpaka likanyooka. Aliyekuwa tumboni siku ile ndiye mjukuu anayempeleka shule kila asubuhi, kabinti kenye mdomo, kanakofunga mkanda kabla hata ya kusema shikamoo.

Sasa mtu wa namna hii, niambie, ungedhani ana siri gani? Alikuwa nayo, na ilikuwa imemchosha kuliko kazi yenyewe. Mzee Mkanda alikuwa haoni pembeni.

Mbele aliona, japo kama kupitia dirisha lenye vumbi. Pembeni ndiko kulikoanza kuliwa, pole pole, bila maumivu. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, akampa matone, akamwambia pia kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na akamkataza usukani. Matone aliyaficha kwenye kisanduku cha dashibodi, chini ya vitambaa vya kufutia kioo. Katazo hakuliweka popote, alilimeza tu.

Utauliza, leseni je? Jamani, mnawajua madereva wazee? Ofisini wanapopima macho kuna ubao wa herufi ukutani, na foleni inapita kando yake, na kila mtu anasoma kwa sauti. Mpaka zamu yako inafika, mstari wa chini umeshakuwa wimbo. Wazee wote wa kituoni walikuwa wanaujua. Mzee Mkanda, aliyewatoa jasho watu kwa ajili ya kipande cha utepe begani, alisimama mbele ya ubao ule ulioyeyuka kama chumvi kwenye maji, akakariri mstari wote bila kukosea, na mpimaji akamgongea muhuri na kumsifu. Mganga hajigangi, ndiyo maana yake.

Tangu hapo kuendesha kukawa mateso. Kila makutano alilazimika kugeuza shingo kama bundi, kushoto, kulia, tena kushoto, na jioni shingo iliuma hadi masikioni. Alianza kukataa safari za usiku, kisha za jioni, kisha za mjini kati. Kituoni wakasema mzee sasa anaringa. Alikuwa akifika nyumbani anakaa ndani ya gari kwanza, kimya, ameegemeza paji la uso kwenye usukani, kwa sababu hata kushuka kulihitaji nguvu. Mara nyingi aliwaza kumpa mkewe ufunguo na kumwambia yaishe. Halafu aliwaza: nikishauweka chini, mimi ni nani? Mzee Mkanda bila gari si mzee tu? Basi kesho yake akaamka tena.

Mkewe ndiye aliyekuwa akiliosha gari alfajiri. Alianza zamani, wakati watoto wadogo, akaendelea. Mikono yake ililijua gari kuliko macho ya mumewe. Na upande wa kushoto, kwenye milango na kwenye bampa, ilianza kujitokeza michubuko. Mara mstari mweupe wa nguzo, mara rangi nyekundu ya gari la mtu. Akiuliza, mzee alisema vijana wa siku hizi hawajui kuegesha. Mama hakubisha. Alichukua kitambaa na mafuta ya taa akasugua.

Halafu ikaja asubuhi ya mkokoteni. Karibu na shule, mzee alikuwa anakata kona kushoto, taratibu kabisa, mjukuu nyuma anahesabu mbuzi wa jirani, na ghafla pakawa na kishindo na maji yanamwagika. Kijana wa kuuza maji alikuwa ameruka kando. Mkokoteni wake wa buluu umelala ubavu, madumu yanaviringika barabarani. "Mzee, huoni?" kijana alipiga kelele, akionyesha pale aliposimama, pale pale, mchana kweupe. Mzee alishuka akamwomba radhi, akamsaidia kuinua madumu. Hakumwona kabisa. Si kwamba alimwona kwa kuchelewa. Kwake pale palikuwa hapana mtu.

Nyumbani alisema mkokoteni ulimkwaruza akiwa ameegesha. Mjukuu alikuwa anakunywa uji, akainua macho, akayarudisha kwenye kikombe. Kesho yake alfajiri mama aliosha gari, akafika kwenye mlango wa nyuma, upande anaokaa mtoto, akakuta rangi ya buluu imepakwa kwa urefu wote wa mlango. Hakuisugua.

Asubuhi hiyo mzee alipotoka na ufunguo mkononi, alimkuta mkewe amekaa kiti cha nyuma, kando ya mjukuu, kitenge kimekazwa, mkoba mapajani.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nakwenda mnakokwenda."

Mzee akashangaa, lakini akaingia. Akavuta mkanda wake, kachaa, mkono mmoja. Akatazama kwenye kioo cha ndani. Mjukuu amefunga. Mkewe hajafunga.

"Mama, mkanda."

"Sifungi."

"Alaa! Mama, utani asubuhi hii? Mtoto atachelewa."

"Acha achelewe. Sifungi, na sishuki."

Mzee alicheka kidogo, kicheko cha kutafuta mlango. Mkewe hakucheka. Wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba kitu mbali sana na sasa anataka tu kukitua.

"Wewe husemaje?" mama aliuliza. "Mtu akikataa mkanda, husemaje?"

Mzee akapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Babu husema gari haliondoki," mjukuu akajibu, akidhani ni swali la shuleni.

"Haya. Mama yangu mzazi ulimshusha kwenye kiti hiki. Mimi nakaa hapa leo, na kesho nitakaa, na kesho kutwa. Ukitaka kuliondoa, liondoe na mkeo hajafunga."

Mkono wa mzee ulikuwa kwenye ufunguo. Angeweza. Ni kuzungusha tu, na injini ile ingeitika kama ilivyoitika miaka yote. Alitazama mbele, kwenye geti lao la bati, akaona geti na ukungu kando yake.

"Mama, yule kijana na mkokoteni wake aliingia tu ghafla..."

"H, N, D, V, Z, K," mkewe akasema.

Mkono wa mzee ukaachia ufunguo.

"Miezi miwili ulikuwa unaziimba herufi hizo bafuni," mama aliendelea, sauti chini. "Mwanzoni nilidhani unasali. Nikaona aibu kukusikiliza. Halafu nikaenda na binti yako kwenye ofisi ya leseni alipobadilisha yake, nikauona ubao. Nikajua mume wangu anasali nini." Akavuta pumzi. "Sikusema. Nilijua itakuua. Nikasugua. Nyeupe nikasugua, nyekundu nikasugua. Mzee wangu, nimechoka kuosha rangi za watu kwenye gari letu. Ile ya jana iko kwenye mlango wa mtoto. Kesho nitaosha nini?"

Mjukuu aliangalia mlango wake, akasogea kidogo kuelekea kwa bibi, kiasi mkanda ulivyomruhusu.

Ndani ya nyumba binti yao alikuwa amesimama kizingitini tangu mwanzo, sare ya dukani mwilini, viatu mkononi. Kuendesha alifundishwa na baba yake, kwenye gari hilihili, na baba yake huyohuyo hakumruhusu tena kuligusa, eti anakanyaga klachi kama anaua mende. Hakusogea. Alimtazama mama yake, mama akamtazama mzee.

Mzee alitaka kukasirika. Aliitafuta ile hasira yake ya kuwashusha wakubwa akaikosa. Alichokuta ni uchovu tu, na chini ya uchovu, Mungu amsamehe, kitu kama nafuu. Macho yakamjaa. Akafungua mkanda wake, akachomoa ufunguo, akashuka. Alizunguka mbele ya gari mkono ukipapasa boneti ile iliyowahi kujikunja kwa ajili yao, akafika upande wa pili, akamkabidhi ufunguo binti aliyekuwa amesogea mpaka pale. Binti akaupokea. Alivaa viatu akiwa amesimama, akazunguka akaingia upande wa usukani, akasogeza kiti mbele.

Mzee akakaa kushoto. Maisha yake yote hakuwahi kukaa pale. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe kwenye bega la kulia kutafuta mkanda, ukakuta hewa. Ukapapasa tena. Mama akanyoosha mkono kutoka nyuma, akauvuta ule wa kushoto, akamwekea kiganjani. Akauleta kiunoni, akachomeka, ukagonga kiti. Akachomeka tena, ukagonga pembeni. Kile ambacho fundi yule alikitengeneza hata mvivu aweze kwa mkono mmoja, yeye alikuwa anakitafuta kwa mikono miwili, na hakukiona.

Binti alikuwa ameshawasha injini. Mguu uko kwenye klachi, macho yako mbele. Hakumsaidia. Alimheshimu mno baba yake kumsaidia.

"Baba," alisema polepole, "gari haliondoki."

Wakamsubiri. Hata mjukuu alisubiri, midomo wazi. Mzee alifumba macho, akaacha vidole vitafute vyenyewe, mpaka vikapata. Kachaa. Na hapohapo, nyuma yake, akasikia ya pili, ya mkewe.