Ng'ombe Aliyepita Mbele Yangu

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, ng'ombe wa jirani yangu alipita mbele ya magoti yangu na sikumwona. Saa naijua kwa sababu huiandika kila baada ya mikungu kumi, na baadaye niliambiwa tulikuwa tumefika mkungu wa mia na kumi.

Kikundi chetu cha wakulima wa ndizi, karibu na Marani, kilinichagua kuhesabu siku ya lori kwa sababu mnunuzi alikuwa ametupunja mara mbili. Nilikaa kwenye kigoda, daftari pajani. Barabara yetu ni nyembamba. Lori likisimama, upenyo unaobaki ni wa hatua mbili, na miguu yangu ilikuwa ndani yake. Mpakiaji, mwanamume wa upande wa ziwa anayefanya kazi mjini Kisii, alinitania kwamba hata nzi akitua kwenye mkungu nitamwandika. Sikumjibu. Anayejibu hupoteza hesabu.

Saa nne na nusu, lori likiwa limeshaondoka na mzigo wa kwanza, jirani yangu alikuja mbio, leso imelegea kiunoni. Ni mjane, na maziwa ya ng'ombe huyo mmoja ndiyo yanayomsomesha binti yake ualimu. Alikuwa amekuta kamba imekatwa. Kutoka kwake njia ni mbili: ya juu, inayopita nilipokaa, na ya chini, ya mtoni. Aliniuliza kama nimemwona ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe usoni.

"Huku hakupita," nikasema. "Nimekaa hapa tangu saa mbili. Barabara ilikuwa tupu."

"Ukisema wewe, tata, yamekwisha," akajibu, akiniita baba kwa lugha yetu, akawageuza vijana wote aliokuja nao kuelekea mtoni.

Sikusema uongo. Barabara tupu niliiona kichwani waziwazi: vumbi, gurudumu, kivuli cha mgomba. Ningeapa kanisani.

Lori lilirudi saa nane kuchukua mikungu iliyobaki. Nilipomweleza mpakiaji kuhusu wizi huo, aliacha kufungua turubai.

"Yule mweusi? Mzee, si ulimpisha wewe mwenyewe?"

Nikamuuliza nilimpisha vipi.

"Ulikunja miguu. Yule jamaa akakusalimia kwa lugha yenu, ukaitikia, akapita na ng'ombe. Nikajua ni mtu wa kwenu. Ukaendelea: mia na kumi na moja."

Nikatazama chini. Kati ya kigoda changu na alama za magurudumu kulikuwa na nyayo za kwato, mmoja umedidimiza jani la mgomba udongoni.

Kwa miaka kadhaa nimejisomea vitabu vya saikolojia vya mitumba. Nilijua kwamba jicho hupokea mengi na akili huchagua machache, na kwamba kumbukumbu haipendi pengo, hulijaza. Niliwahi kuwaeleza walimu wa shule yetu ya msingi jambo hilo, na mifano yangu yote ilikuwa ya watu wengine. Kutomwona ng'ombe ningekubali. Kilichonitisha ni ile barabara tupu. Sikuwahi kuiona, niliitengeneza nilipoulizwa, kisha nikaitolea ushahidi. Na hata baada ya kuziona zile kwato, nilipofumba macho barabara ilikuwa bado tupu.

Nilikwenda kumwambia jirani mwenyewe.

"Kwa hiyo alikusalimia," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe ukaitikia."

Akafunga leso vizuri, akatangulia. Tuliifuata njia ya juu hadi kichinjio cha soko linalofuata, mwendo wa dakika ishirini na tano. Ngozi ilikuwa imetandazwa juani, doa jeupe likitazama juu. Mchinjaji alisema mgeni mmoja alimleta ng'ombe huyo saa nne na dakika tano, akalipwa taslimu akaondoka, na ng'ombe alichinjwa saa sita. Jirani yangu hakunitazama. Saa nne na nusu, vijana wale wangeweza kumfikia akiwa hai.

Ng'ombe alikuwa wa shilingi elfu tisini. Mwizi hajapatikana. Nilimpelekea jirani bonasi yangu yote ya mwaka ya majani ya chai ninayouza kiwandani, elfu thelathini na nne, akaipokea akiwa amesimama mlangoni. Hasara iliyombakia ni shilingi elfu hamsini na sita.